Kwa mnaoanza utafiti wa dawa na kemia ya kwanta hapa Mwanza: uliza kwanza namba imezaliwa wapi

Mwangaluka wadogo zangu. Naandika kwa ajili ya nyie mnaoanza maabara msimu huu, wengine mmetoka kusoma kemia tupu hamjawahi kukaa na mgonjwa wa kichocho, wengine mmetoka upande wa hospitali na mkisikia neno kwanta, yaani hesabu za elektroni, mnafunga laptopu. Wote mtakutana kwenye peipa zilezile, maana sa hivi peipa moja ya dawa inaweza kuanza na hesabu za elektroni, ikapita kwenye protini, ikaingia kwa panya alafu ikamalizia na watoto wa shule, na ukiisoma yote kama habari moja iliyonyooka utaamini vitu ambavyo hata walioiandika hawajavisema. Ninachotaka mshike ni kwamba kila namba mnayokutana nayo muulize imezaliwa wapi. Kwenye kompyuta? Kwenye chupa ya maabara? Kwa mnyama? Kwa binadamu? Na kati ya pale ilipozaliwa na pale unapotaka kuipeleka, kuna kazi gani bado haijafanyika.

Nianze na praziquantel kwa sababu ni ya kwetu. Aliyekulia kando ya ziwa anaijua, vile vidonge vikubwa vichungu vinavyogawiwa shuleni, unasimamishwa kwenye ule mti wenye alama unapimwa urefu alafu unahesabiwa vidonge vyako. Dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Ukerewe, Kome, na vijiji vya wavuvi vya huku ufukweni kinachosumbua zaidi ni kichocho cha tumbo, ukienda bara mbali na ziwa ndo unakutana zaidi na kile cha mkojo. Dawa hii iligunduliwa miaka ya 1970, watu mamilioni wakaimeza na kupona, na bado kwa zaidi ya miaka 40 hakuna aliyeonyesha kwa uhakika inamshika mnyoo wapi. Ni 2019 ndo watafiti wakaonyesha mlango wa kalsiamu kwenye mwili wa mnyoo, unaitwa TRPMPZQ, dawa ikiugusa unafunguka, kalsiamu inaingia kwa wingi na misuli ya mnyoo inakakamaa. 2021 wakaongeza jambo ambalo mimi binafsi nalipenda sana: mnyoo wa ini wa ng'ombe, Fasciola, ambaye praziquantel haimwezi, pale kwenye kishimo cha mlango huo dawa inapokaa ana tofauti ya amino asidi moja tu, mahali pa asparajini kuna threonini. Amino asidi moja na dawa haifanyi kazi.

Angalia mpangilio wake. Ushahidi wa kwa binadamu ulitangulia, maelezo ya kwenye molekuli yakaja miaka mingi baadaye. Kwa hiyo mtu wa kemia asikwambie kwamba bila kujua mekanizimu hakuna dawa, na daktari naye asikwambie mekanizimu ni anasa, maana siku minyoo ikianza kuzoea hii dawa, kile kishimo ndo sehemu ya kwanza tutakayoenda kuangalia.

Sasa tuingie kwenye kwanta kwa kutumia dawa hiyohiyo. Kidonge cha kawaida kina molekuli za aina mbili nusu kwa nusu, R na S, atomu zilezile, bondi zilezile, ila moja ni taswira ya mwenzake kwenye kioo, kama kandambili ya kulia na ya kushoto. R ndo inayoua mnyoo. S mnyoo haimfanyi lolote la maana, inaongeza ukubwa wa kidonge na uchungu. Ndo maana ikatengenezwa arpraziquantel, yenye R peke yake, kidonge kidogo kinachoyeyuka kwenye maji kwa ajili ya watoto wa miezi 3 mpaka miaka 6 ambao miaka yote walikuwa wanarukwa kwenye ugawaji wa shuleni, jaribio lake kubwa likafanyika Kenya na Kodivaa na Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa maoni ya kuikubali.

Mwanafunzi mpya wa kemia akisikia hivyo anakimbilia kompyuta, anachora R, anachora S, anapiga hesabu ya nishati aone ipi iko imara zaidi. Hapa naomba msikilize vizuri. Ukihesabu R peke yake na S peke yake, nishati lazima zitoke sawa. Siyo karibu sawa, ni sawa, mpaka desimali ambazo programu yako inaweza kuziamini, kwa sababu mlinganyo wa Schrödinger, ule wa msingi wa kwanta, tunaoutumia kwenye kazi hizi haujui kulia na kushoto. Ukipata tofauti ya kilokalori 2 basi usikimbilie kuandika proposo, ujue mikunjo ya molekuli zako haifanani, yaani R umeiacha kwenye konfomeri moja na S kwenye nyingine. Tofauti ya kweli kati ya R na S inatokea pale molekuli inapokutana na kitu kingine chenye upande, na protini zina upande. Kwa hiyo swali la maana ni R ndani ya kishimo na S ndani ya kishimo, na hapo kazi inakuwa kubwa maana umeongeza maelfu ya atomu.

Na hizo atomu zina gharama. Ile mbinu ambayo wakemia wanaiamini zaidi kwa molekuli ndogo, CCSD(T), muda wake unapanda kwa kipeo cha 7, ukiongeza ukubwa wa molekuli mara mbili kazi inaongezeka mara 128, iliyochukua saa moja inachukua zaidi ya siku tano. Ndo maana watu wengi wanatumia nadharia ya msongamano wa elektroni, DFT, iliyowekwa msingi 1964 na 1965 na Walter Kohn na wenzake, Kohn akapata Nobel 1998 pamoja na John Pople aliyefanya hesabu hizi zikawa programu watu wa kawaida wanaweza kuziendesha. Na kwa protini nzima watu wanahesabu kwa kwanta pale penye kishimo tu, zilizobaki zinahesabiwa kwa fizikia ya kawaida, hiyo ilipewa Nobel 2013. Mkikuta QM/MM kwenye peipa ndo hiyo.

Kuna namba moja ningependa muiandike ukutani juu ya meza: 1.4. Kwenye joto la mwili, kilokalori 1.4 kwa moli ni sawa na mara kumi kwenye uwezo wa dawa kung'ang'ania protini. Sasa DFT ya kawaida kukosea kilokalori 2 au 3 siyo ajabu, na programu ya kudoki, yaani ya kuipachika molekuli kwenye kishimo cha protini ndani ya kompyuta na kukisia itang'ang'ania kiasi gani, kama AutoDock Vina, walioitengeneza wenyewe waliripoti kosa la karibu kilokalori 3. Piga hesabu mwenyewe, kilokalori 2.8 ni mara mia. Kwa hiyo ukikuta peipa inasema kiambato cha majani fulani kimepata skoa ya -9.1 na dawa ya hospitali imepata -8.7, kwa hiyo majani yameishinda dawa, hapo hakuna mshindi yeyote. Hiyo tofauti ya 0.4 imemezwa na kosa la kipimo. Peipa za hivi ni nyingi mno na nyingi zinahusu mimea yetu ya huku, na inaniuma kwa sababu mimea hiyo inastahili kupimwa vizuri, ikifanyiwa kazi ya haraka hivyo inapoteza heshima yake na mzee anayeijua dawa kijijini naye anapoteza heshima yake.

Alafu angalieni yuniti jamani. Watu wa kwanta wanatumia hartree, moja ni kilokalori 627.5, wengine elektrovolti ambayo ni karibu kilokalori 23, wengine kilojuli, na jedwali linaweza kuchanganya bila kuwaambia.

Na kudoki hakuvunji bondi. Hili linasahaulika sana. Chukua artemisinini, ile ya dawa mseto za malaria. Nguvu yake iko kwenye daraja la oksijeni mbili zilizoshikana, bondi dhaifu, na kimelea kikishakula hemoglobini yetu kinabaki na chuma ambacho kinalivunja hilo daraja, vinazaliwa vipande vikali vinavyoharibu protini zake huku na kule. Ukidoki artemisinini kwenye kishimo utapata skoa, lakini skoa hiyo haijagusa kabisa kile kinachofanya dawa iue. Pale ndo kwanta inahitajika kwelikweli, maana kuvunjika kwa bondi ni habari ya elektroni. Na hili si la mbali na sisi, usugu usio kamili kwa artemisinini, ile mabadiliko ya R561H kwenye jini ya kelch13 ya kimelea, imeripotiwa Kagera, ng'ambo tu ya ziwa.

AlphaFold, programu inayokisia umbo la protini, nitaisema kwa kifupi. Imebadilisha mambo, Nobel ya kemia 2024 ilienda kwa Demis Hassabis na John Jumper pamoja na David Baker, na kwa sisi tusio na mashine za kupiga picha za protini ni msaada mkubwa sana. Ila inakupa umbo na kiwango cha uhakika wa umbo, angalia rangi zile zinazoonyesha uhakika kabla hujatumia, sehemu yenye uhakika mdogo usidoki chochote pale.

Sasa nyie wa kemia mje upande wa watu, maana hapa Mwanza tuna bahati, majaribio yaliyobadilisha sera duniani yamefanyikia hapahapa. Mfano wa karibuni, chanjo ya dozi moja dhidi ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Walishirikishwa wasichana 930 wa Mwanza wenye miaka 9 mpaka 14, wakagawanywa dozi moja, mbili au tatu. Baada ya miaka miwili karibu wote waliopata dozi moja walikuwa bado na kingamwili dhidi ya HPV 16, ila kiwango kilikuwa chini kuliko wa dozi mbili na tatu. Ukiisoma haraka utasema basi dozi moja ni dhaifu. Lakini uliza namba imezaliwa wapi: hiyo ni kingamwili kwenye damu, siyo kinga dhidi ya maambukizi. Kenya ndo walipima maambukizi yenyewe, wanawake 2,275 wa miaka 15 mpaka 20, na dozi moja ikazuia asilimia 97.5 ya maambukizi yanayodumu ya HPV 16 na 18 ndani ya miezi 18. Ukiweka hizo mbili pamoja ndo unaona kile kiwango cha chini bado kinatosha. Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja 2022 na Tanzania ikahamia huko 2024. Utafiti mmoja ungebaki peke yake tungekuwa bado tunabishana.

Na kuna mfano wa zamani ambao kila anayefanya kazi Mwanza anatakiwa aujue. 1995 ilitoka kazi iliyofanyika kwenye jamii 12 za mkoa wetu, zahanati za nusu yake zikaboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa, maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa karibu asilimia 40. 1999 wenzetu wa Rakai, Uganda, ziwa hilihili upande wa pili, wakatoa dawa kwa jamii nzima kila baada ya miezi 10, VVU haikupungua. Nani muongo? Hakuna. Mwanza walitibu wenye dalili kila siku zahanati inapofunguliwa, Rakai waligawa kwa wote kwa vipindi, na janga lenyewe lilikuwa kwenye hatua tofauti. Someni zote mbili wiki moja, mtajifunza zaidi kuliko kwenye semina.

Vitu vya kazi. Msilipie peipa, ulizeni maktaba ya taasisi yenu kuhusu Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuwafikishia watafiti majarida. Peipa za ChemRxiv, bioRxiv na medRxiv someni ila mkumbuke hazijapitiwa na wakaguzi, angalia kama toleo la mwisho limeshatoka na namba zimebadilika wapi. Anza kusoma kwenye mbinu, alafu jedwali, muhtasari wa mwanzo uwe wa mwisho. Kwa hesabu, msianze na mbinu kubwa, tumieni xtb, programu nyepesi, kwanza kutafuta konfomeri, inaenda hata kwenye laptopu ya kawaida, zikibaki chache ndo mpeleke kwenye programu nzito kama ORCA au Psi4 au PySCF, zote mwanafunzi anazipata bila kulipa. Mkimaliza kuoptimaizi, yaani kuitafutia molekuli umbo la nishati ya chini, pigeni frikwensi za mitetemo yake, ikitoka hata moja hasi molekuli haijatulia. Na wekeni programu ihifadhi kazi njiani maana umeme ukikatika usiku wa manane hesabu ya siku tatu inaondoka, faili la kuanzia nalo litunzwe na tarehe na toleo la programu.

Kama kuna anayetafuta topiki, mimi ningempa hii. Praziquantel inaua minyoo iliyokomaa lakini michanga inaponea, ndo maana mvuvi anameza leo na baada ya wiki kadhaa anakutwa na minyoo tena hata kabla ya kuhesabu maambukizi mapya. Kwa nini michanga inapona, ni mlango, ni kiasi cha dawa kinachoingia, ni jinsi inavyojikarabati? Wa biolojia aanze kwenye minyoo yenyewe, wa kemia achukue R na kishimo cha TRPMPZQ, mkae meza moja tangu siku ya kwanza na mkubaliane mapema ni namba gani ikitoka kwenye kompyuta itaenda kupimwa kwenye chupa, na mtaipima kwa mkusanyiko upi wa dawa, uwe ule ambao damu ya mtu aliyemeza miligramu 40 kwa kilo inaweza kuufikia.