Mistari haikai kwenye biti, ubeti wa pili haupatikani: andika kwa mdomo kwanza

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Simu yako imejaa vipande zaidi ya thelathini ulivyojirekodi na hakuna hata kimoja kilichofika mwisho, vyote vinafia kwenye ubeti wa pili. Halafu prodyuza anakwambia mistari yako "haikai" na hakuelezi kwa nini. Nianze na hili la mistari, maana likinyooka utakuwa umeshaokoa vipande kadhaa.

Mstari unakaa pale mkazo wa neno unapokutana na pigo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara: MA-ma, ni-me-RU-di, nyu-MBA-ni. Biti nayo ina mapigo unayoyakanyagia mguu, la kwanza likiwa zito kuliko yote. Mkazo ukiangukia pembeni ya pigo, msikilizaji hatajua kilichoharibika, ila atasikia kama mgeni anajifunza lugha.

Chukua mstari huu: Mama yangu nimerudi nyumbani. Una silabi 11. Hesabu moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na, kila nafasi silabi moja. MA inakaa kwenye moja, YA kwenye mbili, RU kwenye nne, safi kabisa. Ile "ni" ya nimerudi iko kwenye tatu na haichomi sikio, kwa kuwa iko silabi mbili kabla ya mkazo na inavumilia uzito kidogo. Shida inaanzia baa ya pili, yaani fungu la pili la mapigo manne: pigo zito linaiangukia "nyu", na MBA inabaki kwenye "na". Hapo umeimba NYU-mbani. Dawa ni mbili. Ama pigo la kwanza uliache tupu, upumue, uingie na "nyu" kwenye "na" ili MBA itue kwenye mbili. Ama ubadili neno: nimerudi kwetu. KWE inatua kwenye moja na mstari umetulia.

Usidhani ni jambo la urembo tu. Ba-RA-ba-ra ni sawasawa, ba-ra-BA-ra ni njia ya magari. Melodi ikisukuma silabi isiyo yake, maana inahama nayo. Na kumbuka kiambishi cha mwisho huhamisha mkazo: NYU-mba, lakini nyu-MBA-ni. Ndiyo sababu neno moja lililobadilishwa haraka studio huvunja mstari ambao nyumbani ulikuwa mzima.

Kabla hujaimba mstari wowote, usome kama unamwambia mtu aliye mbele yako, bila tuni. Pigia kistari chini ya kila silabi iliyobeba mkazo. Kisha washa metronomu (kifaa au programu ya simu inayogonga mapigo sawasawa), useme maneno yaleyale ndani ya mapigo, bado bila kuimba. Kistari kisichopata pigo ndicho cha kurekebisha. Ni kazi ya dakika tano kwa ubeti, na ndiyo ile prodyuza anaifanya kichwani bila kukueleza.

Silabi zikizidi, lugha yenyewe inakupa pa kupunguza. Mama yangu ni silabi 4, mamangu ni 3. Mwana wangu ni 4, mwanangu ni 3. Rafiki yangu haina mkato mzuri, kwa hiyo ipe nafasi zake zote 5 au itafute njia nyingine. Kosa ninaloliona sana ni mtu kubana silabi 13 mahali pa 9 kwa kukimbia. Matokeo yake konsonanti zinaliwa na hakuna anayekuelewa. Ni bora ukate kitenzi. Nisingekupenda peke yake ina silabi 6, zaidi ya nusu ya mstari.

Hesabu vizuri hiyo "m" pia. Katika mpenzi na mtoto, "m" ni silabi inayojitegemea: m-pe-nzi ni 3. Katika mbingu na mbali si silabi, ni mbi-ngu, 2 tu. Neno mtu lina mtego wake: mkazo unaangukia "m" yenyewe, na hakuna anayeweza kuivuta noti ya juu midomo ikiwa imefungwa. Neno hilo liweke kwenye noti fupi.

Hapo tunaingia kwenye irabu. Noti ya juu kabisa ya kiitikio ipe "a", "o" au "e". "I" na "u" zinabana koo, na ukipanda nazo sauti inakuwa nyembamba. Watu wengi wanamalizia kiitikio na neno juu kwa sababu maana yake inapanda. Koo halijali maana. Geuza mstari, neno hilo likae katikati, na kwenye noti ya juu kabisa lije neno kama angani au mbele.

Vina usivihangaikie sana. Kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, kina ni rahisi kupata, na urahisi huo ndio unaotuharibia: moyo wangu, roho yangu, mpenzi wangu, dunia yangu. Hapo hujatunga kina, umerudia kimilikishi. Tafuta silabi mbili za mwisho zinazofanana. Mlango na ulingo zinakutana kwenye "ngo" tu. Mlango na kiwango zinakutana kwenye "ango", na kwa kuwa mkazo uko humohumo, sikio linashika mara moja.

Kwa wanaotoka kwenye ushairi wa mizani (silabi) 16 kwa mshororo, yaani ukwapi, nusu ya kwanza, 8 na utao, nusu ya pili, 8: ukiuimba kwa silabi moja kila nafasi, mshororo mmoja unajaza baa mbili kamili na hakuna pa kupumulia. Tandaza mshororo kwenye baa tatu au nne, au vuta silabi za vina. Ukiulazimisha kwenye baa mbili, utaishiwa pumzi kwenye mshororo wa tatu.

Sasa ubeti wa pili. Unakufa kwa sababu wa kwanza umeshasema kila kitu. Dawa yake iko kabla ya kuandika ubeti wowote: andika sentensi moja yenye kitenzi inayosema kiitikio kinadai nini. "Mapenzi" si sentensi. "Usizime taa, bado nipo njiani" ni sentensi, na papo hapo inagawa kazi. Ubeti wa kwanza uwe wa aliye ndani anayesubiri: utambi unaopungua, viatu vilivyobaki mlangoni, sahani iliyofunikwa. Wa pili uwe wa aliye njiani: mvua, kituo kilichofungwa, chaji ya simu iliyoisha. Kiitikio ni kilekile, lakini mara ya pili kinasikika kutoka kinywa kingine. Unaweza kuhamisha mtu, wakati au mahali, kimoja kinatosha. Kisha jaribu hivi: badilishana ubeti wa kwanza na wa pili. Wimbo ukibaki vilevile, huna ubeti wa pili, una wa kwanza umeandikwa mara mbili.

Na vitu viwe vya kuonekana. "Nimekukumbuka sana" kila mtu ameshaimba. "Viatu vyako bado viko mlangoni" inasema hilohilo, na msikilizaji analifikia mwenyewe.

Melodi ikija kabla ya maneno, usisubiri maneno mazuri. Imba upuuzi wowote wenye silabi na mikazo sahihi, urekodi, urudi baadaye. Paul McCartney wa kundi la Beatles alikaa na tuni ya "Yesterday," iliyotoka mwaka 1965, akiiimbia maneno ya mayai ya kuvuruga hadi alipopata ya kweli. Kinachohifadhiwa hapo ni idadi ya silabi na mahali pa mkazo. Ukihifadhi tuni bila silabi, kesho utakuta unabandika maneno juu ya kitu ambacho hakina nafasi zake.

Urefu wa wimbo ujue kwa hesabu. Kwa tempo ya mapigo 96 kwa dakika, baa moja ya mapigo manne ni sekunde 2.5. Kianzio baa 4, ubeti 16, kiitikio 8, ubeti 16, kiitikio 8, daraja (kipande cha kati chenye tuni tofauti) 8, kiitikio cha mwisho mara mbili 16: jumla baa 76, sekunde 190, yaani dakika 3 na sekunde 10. Urefu huo tuliurithi tangu santuri za mizunguko 78 za inchi 10, ambazo upande mmoja ulibeba takriban dakika 3, na masikio yalishazoea. Ukiona wimbo wako umefika dakika 5, mara nyingi ubeti ndio una baa za ziada. Kata zile zinazorudia jambo kwa maneno mengine.

Kuhusu kutunga juu ya biti iliyokamilika: inakudanganya. Vyombo vikijaa, kila unachohumu, yaani unachoimba mdomo ukiwa umefumba, kinasikika kama wimbo. Mwombe prodyuza akupe ngoma na besi tu, au tunga na gitaa au kinanda peke yake. Melodi ikisimama hapo, itasimama popote. Pia pima kii, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo umekaa, mapema. Tafuta noti ya juu kabisa ya kiitikio uiimbe mara tatu mfululizo baada ya kuwa umeshaimba nusu saa. Ikikatika, shusha wimbo wote semitoni 2 (hatua mbili ndogo za kinanda) upime tena. Kushusha biti iliyokwisha kurekodiwa kwa programu huharibu mlio wa ngoma, kwa hiyo fanya hivi kabla ya siku ya studio.

Demo isikusumbue. Simu iwe kama shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipige upepo, chumba chenye nguo na godoro, metronomu kwenye hedifoni. Ukitumia kompyuta, vilele vya sauti viwe kati ya desibeli -12 na -6. Demo ni ya kusikiliza utunzi, hakuna haja ya kuipamba.

Mkitunga wawili au watatu, andikeni mgawo siku hiyohiyo, majina na asilimia, jumla 100, kila mmoja abaki na nakala. Utunzi ni haki moja, rekodi ni nyingine. Kumlipa prodyuza biti hakusemi chochote kuhusu mgawo wa utunzi mpaka muandike. Biti ya kukodi mtandaoni soma masharti yake yote, hasa kikomo cha usikilizwaji na kama ileile inaweza kukodishwa kwa mwingine.

Hivyo vipande thelathini usivifungue vyote. Kaa kimya bila simu uone ni vipi unavyoweza kuvihumu bila kuvisikiliza. Vitakuwa vitatu au vinne. Vipe majina yenye neno la kiitikio, tempo na kii, maana "rekodi mpya 17" haimkumbushi mtu kitu. Chukua kimoja. Siku ya kwanza tafuta sentensi ya kiitikio na silabi zake tu, dakika 40 zinatosha. Siku ya pili andika beti zote mbili hata zikiwa mbovu. Siku ya tatu usiongeze neno, kata tu, ukisoma kwa sauti na vistari vyako vya mkazo. Kisha bandika hapa ubeti wa pili na kiitikio, ukiwa umeweka alama za mkazo, tuupitie silabi kwa silabi.