Pesa ya Kula Iliwe

MUULIZE NESI MSTAAFU

*Nesi, habari za kustaafu? Mimi nina miaka 63, nalea wajukuu watatu walioachwa na marehemu binti yangu. Kijijini kwetu kaya maskini zimeandikwa TASAF, ule mfuko wa serikali unaozipa ruzuku, mimi jina langu halimo. Kuna watu wana ng'ombe na wamo. Niende kwa nani?*
*Babu wa watatu, Ikungi*

Nzuri, kaka yangu, na pole kwa binti. Nianze na wewe kwa sababu lako ni fupi.

Majina hutajwa kwanza kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji, kisha dodoso hujazwa nyumba kwa nyumba, kisha orodha hurudi mkutanoni isomwe. Siku ya kusomwa ndiyo siku ya kusimama na kusema. Kama imeshapita, nenda kwa mtendaji wa kijiji au kamati ya jamii, ueleze kwamba unaleta lalamiko na uombe liandikwe kwenye fomu. La mdomo hupotelea njiani. Likikwama hapo, panda hadi halmashauri umwulize mratibu wa TASAF. Nenda na kadi za kliniki za wajukuu na barua zao za shule, maana karatasi hizo ndizo zinazoonyesha unalea nani. Habari ya ng'ombe wa wenzako iache nyumbani. Ukianza nayo, watasikiliza ugomvi na kuwasahau wajukuu.

*Shikamoo Mama. Nina watoto wanne, mkubwa yuko darasa la nne, mdogo ana mwaka na miezi minane. Nipo TASAF mwaka wa pili. Malipo ya mwezi wa nane nilipata shilingi 48,000. Nilitaka kununua mahindi, lakini mama mkwe akasema pesa ya serikali isiishie chooni, ninunue mbuzi nionekane nimepiga hatua. Majirani nao wanasema sisi hela tunaila tu. Nikanunua mbuzi jike kwa 45,000. Amezaa Januari. Sasa ni Februari, hatuna chakula, tunakula mara moja, jioni. Yule wa darasa la nne mwalimu anasema anasinzia darasani, na siku nyingine namwacha alale nyumbani. Mdogo amekonda. Nimempeleka mbuzi mnadani, wanunuzi wananiambia 28,000. Debe la mahindi mwezi wa saba lilikuwa 9,000, leo ni 19,000. Nimuuze? Naona aibu hata kuandika.*
*Mama wa wanne, Mpwapwa*

Marahaba mwanangu. Aibu iweke chini, tuanze na mtoto mdogo. Mengine yanaweza kusubiri hadi kesho, yeye hapana.

Kesho asubuhi mbebe umpeleke zahanati, hata kama si siku yake ya kliniki. Mwambie nesi ampime mkono kwa utepe. Ni kitambaa chembamba cha plastiki chenye kijani, njano na nyekundu, kinazungushwa katikati ya mkono wa kushoto wa juu. Kuanzia sentimita 12.5 ni kijani. Kati ya hapo na 11.5 ni njano, na maana yake utapiamlo umeshaingia. Chini ya 11.5 ni nyekundu, huyo hutakiwi kurudi naye nyumbani bila matibabu. Na usiku huu kabla hamjalala, mbonyeze kwa dole gumba upande wa juu wa unyayo, si chini, miguu yote miwili, uhesabu taratibu kama sekunde tatu, kisha uachie. Shimo likibaki, hayo ni maji yamejaa. Usisubiri siku ya kliniki, hata kama mtoto anaonekana mnene usoni.

Nimefanya kazi zahanati moja ya Chamwino miaka 31. Siku za kliniki tulitundika mizani kwenye tawi la mbuyu, akina mama wakapanga foleni na kadi zao zimefungwa kwenye rambo. Kadi ya mtoto ina njia ya kijani, ya kijivu na ya nyekundu. Nilikuwa naweka nukta, naunganisha mstari. Mstari unapanda Juni, unapanda Julai, Agosti, Septemba. Desemba unalala. Januari na Februari unashuka kuelekea kijivu, mtoto baada ya mtoto, nyumba baada ya nyumba, watoto wasiokuwa na malaria wala kuharisha. Kwetu Dodoma mvua ni moja. Januari hadi Machi ghala limekwisha, shambani uwele ndiyo kwanza uko magotini, na mama kutwa yuko kwenye kibarua cha palizi la mtu mwingine ili apate unga wa jioni. Ile nukta ya Februari naijua kama ninavyoijua saini yangu.

Ndiyo maana maneno ya mama mkwe wako yameniuma. Sisemi ni mtu mbaya. Yeye ameona maisha ambayo mwenye mbuzi ndiye mtu. Lakini ruzuku ile hupewa kaya kwa sababu watoto wake hawali vya kutosha. Kuliwa ndiyo kazi yake ya kwanza. Mtoto wa mwaka na nusu akila uji wenye karanga miezi miwili, umepiga hatua ambayo mnadani haiuzwi. Nchi nzima, kwa vipimo vya mwaka 2022, watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na udumavu unaingia hasa kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Wa kwako ana miezi 20. Miezi minne iliyobaki ina thamani kuliko mbuzi kumi.

Na hiyo kauli ya "mnaila tu" nimeisikia tangu mwanzo. Majaribio ya mpango huu wa ruzuku wa TASAF yalipofanyika Bagamoyo, Kibaha na kwetu Chamwino, mwaka 2010 malipo yakaanza kutoka, kulikuwa na wasiwasi kwamba pesa ya bure itaishia kwenye pombe. Vijiji 80 viliingizwa, 40 vikapata kwa kura, ili baadaye walinganishwe waliopata na ambao hawajapata. Waliopata walionekana wamenunulia watoto viatu, wamefuga kuku, wamelipia bima ya afya ya jamii. Watu walikula, na kilichobaki wakakitumia kwa akili. Viatu vile niliviona kwa macho yangu pale chini ya mbuyu, kandambili ndogo za rangi zimepangwa pembeni mwa mizani.

Tena kiasi chenyewe hakijawahi kuwa kikubwa. Awamu ya kwanza ya mpango, ruzuku ya msingi ilikuwa 10,000 kwa mwezi, na kaya yenye watoto wengi wanaosoma isingevuka 38,000. Hakuna anayelisha watu sita kwa hiyo. Inaziba pengo tu, kwa hiyo kinachopimwa ni mwezi gani unaliziba.

Tuhesabu basi pamoja, kwa bei zako mwenyewe. Watu sita mnamaliza kama kilo mbili za unga kwa siku, debe moja linakwenda siku tisa. Shilingi 48,000 kwa bei ya Julai ni madebe matano na chenji, siku 45. Kwa bei ya leo ni madebe mawili na nusu, siku 22. Pesa ni ileile, siku zimekatika nusu. Na mbuzi naye amefuata njia hiyohiyo: Agosti 45,000, leo 28,000, kwa sababu kila mwenye njaa kampeleka mnadani siku moja na wewe.

Kuhusu kumuuza: kama utepe wa mtoto umesoma nyekundu na huna nauli ya kwenda alikopewa rufaa, uza leo, wala usiangalie nyuma. Kama ni njano au kijani, usimuuze. Kwa 28,000 utapata debe moja na nusu, siku 13, halafu hamna mbuzi wala mahindi. Mkamue. Mwachie mwanawe ashibe, wewe chukua kikombe kimoja asubuhi, chemsha mpaka yachemke kweli, mchanganyie mdogo kwenye uji wa uwele. Ukipata karanga mkono mmoja, zitwange uweke. Lakini zichambue. Iliyokunjamana, yenye ukungu au iliyobadilika rangi tupa, hata kwa kuku usimpe. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu, iliua watu hapa Dodoma na kwa jirani zetu Manyara, na ilikuwa kwenye mahindi waliyokuwa wanakula kila siku. Mnyonyeshe bado, usimwachishe. Na yeye asisubiri chakula cha jioni pamoja na wakubwa. Tumbo lake ni kama ngumi yake, apewe kidogo mara tano.

Wa darasa la nne asibaki nyumbani. Najua unamhurumia. Ila sharti la mpango ni mtoto ahudhurie asilimia 80 ya siku za masomo, na akipungua ruzuku inakatwa. Njaa inamlaza nyumbani, kulala nyumbani kunakata pesa, na pesa ikikatwa njaa inazidi. Nenda kwa mwalimu mkuu umweleze waziwazi kwamba nyumbani hamna kitu hadi jioni. Kama shule ina uji na wewe hujachangia mahindi, omba uchangie kwa kazi, kuni au maji, hadi mavuno. Wapo wazazi wanaofanya hivyo. Ni aibu ya dakika tano na mtoto anapata kikombe kila siku.

Malipo yajayo, nunua nafaka yote. Kama una deni dukani, mwenye duka mpe kidogo tu, ili daftari la mkopo lisifungwe. Ya Juni na Julai ndiyo ya kuwekea akiba: usinunue mbuzi, usinunue kitenge, nunua mahindi au mtama. Mahindi yakauke hasa, punje ukiing'ata ipasuke kwa mlio. Tafuta mifuko ile isiyopitisha hewa, maana dumuzi, yule mdudu anayetoboa punje, akiingia kwenye gunia la kawaida, Januari utakuta vumbi. Mlenda na majani ya kunde anika sasa hivi mvua ikiachia, yapo bure shambani. Mama mkwe mshirikishe siku ya kununua, aende nawe sokoni achague yeye. Mwambie gunia nalo ni mali, na mbuzi atazaa tena kwa sababu hakuuzwa.

Baada ya wiki mbili mrudishe mdogo wapime tena mkono. Niandikie namba zote mbili, ya kwanza na ya pili.