Maonesho ya Mtaani Yasiishie kwa Mgeni Rasmi

Siku ya ufunguzi ukumbi hujaa wenyewe. Kazi ipo siku zinazofuata, pale wanapobaki mlinzi na feni. Nimeshiriki kuandaa maonesho ya vikundi vya mtaani hapa Dar es Salaam, na kama kikundi chenu kinajiandaa kuomba ukumbi wa umma, nguvu zenu zielekezeni kwenye siku hizo za kawaida.

Mama anayeuza vitumbua ng'ambo ya barabara haingii kwa sababu ya bango. Anadhani kuna kiingilio, anadhani ni mahali pa wenye nafasi zao. Nendeni mkamwalike kwa mdomo, mwambieni ni bure, na akifika apokewe na mtu anayemfahamu. Sisi huweka zamu: kila siku msanii mmoja anashinda ukumbini akichora au akichonga hapohapo. Watoto wakitoka shule husimama kutazama mkono unavyokwenda, kesho yake wanakuja na dada zao. Sijaona tangazo linaloleta watu kuliko hilo.

Halafu kutundika. Kumbi nyingi huweka katikati ya picha kwenye kimo cha kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Mkitarajia wanafunzi wa msingi, shusheni. Picha za Tingatinga, tangu Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alipoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, huchorwa kwa rangi za mafuta zinazong'aa. Ukiitundika moja ikitazamana na dirisha, mtu ataona dirisha. Kinyago cha ujamaa cha Wamakonde, chenye watu waliobebana kulizunguka gogo zima, kinataka kukaa katikati ya chumba. Huniuma kila nikikikuta kimesukumwa ukutani, nusu ya ukoo haionekani. Mpingo pia msiuweke kwenye jua la dirishani wala mbele ya kiyoyozi, maana hupasuka. Michoro ya karatasi adui yake ni unyevu wa pwani: bandikeni vibao vidogo nyuma ya fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta.

Maelezo ya kila kazi yawe kwa Kiswahili kwanza, herufi kubwa, sentensi chache. Muulizeni msanii: hawa ni akina nani, wanafanya nini, umetumia nini? Andikeni alivyojibu. Maneno mazito ya kitaalamu humfanya mtu aone picha haimhusu, wakati aliyechorwa pale ni jirani yake anayebangua korosho.

Bei ziwekwe wazi. Kuna wanaoona hiyo ni kuishusha sanaa; mimi naona kuificha ndiko kunakomfukuza mnunuzi mwenye kipato kidogo.

Kabla ya yote, andikianeni makubaliano na kila msanii. Orodha ya kazi zilizopokelewa, picha ya kila moja, hali yake, mgao wa mauzo, tarehe ya kurudishwa, na sahihi za pande zote mbili. Udugu hauzuii karatasi.

Kama hamjawahi kuandaa, tembeleeni kwanza Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni, Mtaa wa Shaaban Robert, kisha Nafasi Art Space kule Mikocheni, ambako wasanii wana karakana ndani ya makontena na wengi hawachoki kuulizwa.

Na kwenye daftari la wageni, ongezeni safu moja baada ya jina: umesimama muda mrefu mbele ya kazi ipi? Majibu hayo msomeeni kila msanii siku anapokuja kuchukua kazi yake.