Kombi niliyoichagua kwa wepesi ilinifungia udaktari

Juzi mama mmoja kaniandikia: "Mwanangu kapata C ya Fizikia, anataka kuwa daktari, ila anasema CBG ni nafuu kuliko PCB. Nimwache?" Hizo ni kombi, yaani tahasusi za masomo matatu ya kidato cha tano na sita: CBG ni Kemia, Baiolojia na Jiografia; PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Mtoto huyo ni mimi.

Nami nilikuwa na C ya Fizikia. Mwalimu wa taaluma akaniambia, "Jaza CBG, kwani si sayansi hiyo? Ukifaulu utasoma utakacho." Nikamwamini. Alikuwa mwalimu wangu, ningembishiaje?

Kidato cha sita nikapata wani ya 7, yaani daraja la kwanza la pointi 7: Baiolojia B, Kemia B, Jiografia C. Ile B ya Kemia naijivunia mpaka leo, niliikeshea. Baba akachinja jogoo. Wiki hiyohiyo nikaenda steshenari kufunguliwa mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, unaotaja sifa za kujiunga na kila kozi. Kijana wa pale akateremsha kurasa hadi Udaktari wa Binadamu, nami nikasoma kidole kikiwa juu ya kioo: Fizikia, Kemia, Baiolojia. Nikamwomba atafute chuo kingine. Muhimbili, Bugando, KCMC, kote Fizikia ipo. Nililipa, nikatoka bila kuchukua chenji.

Nikaenda SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kusomea kilimo, na kazi yangu naipenda. Lakini nikiwaona madaktari wa mafunzo kwenye geti la hospitali na makoti yao, bado kooni panakaza.

Wazazi wenzangu, kombi haichaguliwi kwa wepesi. Anzeni na kozi ya chuo, msome sifa zake kwenye mwongozo wa TCU, ndipo mrudi kwenye tahasusi. Tangu 2024 tahasusi zimefika 65, kwa hiyo kupotea ni rahisi kuliko enzi zetu. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mtoto huruhusiwa kubadili machaguo yake kwenye Selform, ile fomu ya kuchagulia tahasusi. Msimwachie peke yake, wala msimwachie mwalimu. Kaeni naye, someni sifa za kozi mstari kwa mstari. Someni tena kabla dirisha halijafungwa.

Mama yule nilimjibu: usimwache. Jana usiku akaniambia wamebadili, ni PCB sasa, ila binti analia, anaiogopa Fizikia. Nimempa namba yangu ampe. Jumamosi tunaanza na mada ya mwendo.