Taimukodi ikikosea kwenye kanda: pima kwanza, ndipo uguse kebo

Ndugu, umesema deki yako, mashine ya kurekodi na kucheza kanda, ni ya Digital Betacam (aina ya kanda za video za televisheni), kompyuta inaiongoza kwa kebo ya RS-422, na video inayotakiwa kuanza kwenye taimukodi 10:00:00:00 (namba ya saa, dakika, sekunde na fremu, ambayo kila fremu, yaani picha moja moja, hupewa) inatokea kwenye kanda fremu tatu baadaye. Naona umeshaambiwa ununue kebo mpya. Subiri kidogo.

Mwaka 2008 kituo kimoja cha televisheni hapa Nairobi kilinirudishia makala ya dakika 26. Nilipokwenda kuuliza, fundi wao hakubishana nami. Aliingiza kanda, akaisimamisha kwenye 10:00:00:00, akalizungusha gurudumu la deki kwa kidole kimoja. Nyeusi. Nyeusi. Nyeusi. Fremu ya nne ndiyo ikaleta picha. Mitambo yao ilifuata namba tu, haikujua picha yangu imeanzia wapi. Nikarudi studio kwetu Ngara, nikasahihisha fremu tatu kwenye programu, nikarekodi upya. Safari hii picha ikawahi kwa fremu moja! Hapo nikatambua kwamba nilikuwa na makosa mawili yaliyolaliana.

Kwa hiyo fanya hivi. Tengeneza picha yenye namba za taimukodi zilizoandikwa juu yake, zianze 10:00:00:00, ziende nusu saa. Irekodi mara tatu kwenye kanda ya majaribio, kila mara ukianza upya. Kisha simamisha kanda mwanzoni, katikati na mwishoni, ulinganishe namba iliyo ndani ya picha na ile ya deki. Deki iweke isome VITC, taimukodi iliyo ndani ya ishara ya picha, unaposimamisha, maana LTC, ile iliyo kwenye njia yake kando ya kanda, inahitaji kanda itembee ndipo isomeke.

Ukikuta tofauti ni ileile mara zote tatu, furahi. Huo ni muda ambao kompyuta na kadi yake ya video huchukua kutoa picha, na programu nyingi zina sehemu ya kuufidia kwa fremu katika mipangilio ya deki. Usikisie kama ni kujumlisha au kutoa. Weka moja, rekodi, tazama imeelekea wapi.

Ikiwa tofauti inarukaruka, mara fremu mbili, mara fremu nne, usiguse fidia hata kidogo. Tatizo ni rifarensi, yaani ile ishara ya picha nyeusi inayoziweka mashine zote kwenye mdundo mmoja. Kwangu kebo yake ilifika kwenye deki ikaishia hapo, kadi ya kompyuta ikawa inajipigia mdundo wake. Nilipitisha ishara kwenye deki kwa kiungo cha T, nikaifikisha kwenye kadi, nikafunga mwisho wa njia kwa tamati ya ohmu 75. Tangu hapo kosa likatulia, nikalifidia mara moja likaisha. Angalia pia swichi ya mfuatano wa rangi kwenye deki: rangi ya PAL, mfumo wa video tunaotumia huku, hujirudia kila baada ya fremu 4, na deki ikiambiwa iheshimu mfuatano huo inaweza kuisogeza sehemu uliyochagua.

Tofauti ikikua kadiri kanda inavyoenda, tazama kasi ya fremu. Sisi ni PAL, fremu 25 kwa sekunde, basi. Habari ya kuruka namba za taimukodi ni ya mfumo wa Marekani wa fremu 29.97 kwa sekunde: hurukwa namba 2 kila dakika isipokuwa kila dakika ya kumi. Ukichanganya hesabu hizo kwenye kazi ya dakika 26 utakosea namba 48, zaidi ya sekunde moja na nusu. La sivyo kompyuta inadondosha fremu. Iamuru isimame ikidondosha hata moja.

Kanda yenyewe irekodi nyeusi yote kabla, kuanzia 09:58:00:00 bila kukatika, ndipo uingize kazi kwa insati, yaani kurekodi picha na sauti bila kugusa taimukodi iliyopo. Deki hurudi nyuma sekunde kadhaa ili ishike kasi, na ikikuta namba zimekatika itakataa au itakosea. Wanaoongoza kamera ya kanda ndogo za DV kwa kebo ya FireWire wasimwahidi mteja usahihi wa fremu, njia hiyo haiutoi.

Ukishapata fidia sahihi, iandike kwenye karatasi uibandike juu ya deki, pamoja na jina la kompyuta na la programu. Fidia hiyo ni ya deki hiyo tu; ikija deki nyingine, hata ya aina ileile, pima tena tangu mwanzo.