Uraka kwa mgeni wa Mtwara

Mkuu karibu kusini. Umesema umehamishiwa Mtwara, bia za chupa zimekuchosha na unataka kuwaungisha wapika pombe wadogo ila unaogopa tumbo. Mi ningekuambia anza na uraka. Ni juisi ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanakamuliwa juisi inaachwa ichache yenyewe, kwahiyo msimu wake ni ule wa korosho, kuanzia kama mwezi wa 10 hivi, nenda Newala au Tandahimba huko utaipata mbichi kabisa. Ya leo ina utamu na inakakasa mdomo kidogo, ya jana ishakuwa kali, na usiibebe kwenye chupa uliyokaza kifuniko maana bado inachacha, mi ilishanilipukia kwenye begi na doa la bibo halitoki ng'o, shati likaishia kuwa dekio.

Nipa achana nayo. Hiyo ni mabibo yaliyokenekwa, yaani gongo, sheria hairuhusu na huwezi jua aliyeipika kaweka nini.

Ukiwa pwani tafuta tembo la mnazi asubuhi, jioni linakuwa chachu. Sema usimmwagie mgema sifa nyingi, unajua atalitia maji haha.

Kuhusu kuungisha, nunua kwa mama anayepika mwenyewe, muulize kakamua lini, usibageni bei, na uende na chombo chako safi. Na kula kwanza mzee, uraka unateremka kama juisi halafu unakuja kusimama miguu haipo.