Kijembe cha Wifi Hakijibiwi kwa Kanga

Bi Dukuduku wa Wete, Pemba, anatuandikia kwamba anakaa ua mmoja na wifi yake. Kila akienda mferejini, wifi hupaza sauti na kumwambia mtoto aliyebeba ndoo: "Wengine waliingia humu na begi moja, leo wana kabati la milango mitatu." Siku ya Idi wifi alivaa kanga ya "Hasidi hana sababu". Sasa Bi Dukuduku kanunua doti yenye jina "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", aivae kwenye arusi ya ukweni wiki ijayo. Anauliza: "Nimjibu au ninyamaze?"

Pole, mwanangu. Kusemwa kwa kupitia mtoto wa ndoo kunauma kuliko kutukanwa, maana huna pa kushika. Lakini umechanganya mambo mawili.

Neno la begi na kabati ni kijembe, na ndani yake mna masimango. Kijembe hurushwa kwa mtu wa pembeni bila kutaja jina, ili mrushaji akibanwa aseme, "Kwani nimekutaja?" Masimango ni kukumbushwa ulivyokuja huna kitu. Hilo limekulenga wewe, usijidanganye.

Kanga ya Idi ni jambo jingine. Jina la kanga huwa ujumbe pale linapokutana na siku yake, mahali pake na mtu wake. Je, kaivaa mara moja tu, akakupa mgongo ukasoma? Au huivaa hata akienda sokoni? Kaichagua mwenyewe, au kapewa zawadi? Sikukuu watu hugaiwa kanga, na anayepewa hachagui jina. "Hasidi hana sababu" ni jina la siku nyingi, limevaliwa na wengi. Ukilipokea kuwa ni lako, uhasidi umejivika mwenyewe.

Ndiyo maana ile doti siikubali. Doti ni vipande viwili vyenye jina moja: ukijifunga kimoja na kujitanda kingine, umelisema mara mbili. Na jina linakaa nyuma. Atakayelisoma si wifi peke yake, ni mavyaa, mama wa mumeo, pia, na mashangazi wa mume, na kila aliyekaa nyuma yako. Yeye hajakutaja, wewe utakuwa umejibu, na kwa macho ya ukumbi anayejibu ndiye mwenye ugomvi. Wala usithubutu kuinuka kumtunza mwimbaji kwa noti kwenye ubeti wa mpasho huku ukimkazia wifi macho. Kutunza hivyo ni kumnyooshea mtu kidole mbele ya watu wote, na ubeti unaofuata atainuka yeye, noti mkononi. Wazee wakija kuketi hawataishia kuuliza nani kaanza, watauliza na nani kazidisha. Qurani katika Sura ya 42, aya ya 40, imeweka kipimo: malipo ya uovu ni uovu mfano wake, na mwenye kusamehe na kusuluhisha, ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu. Mfano wake, mwanangu! Neno la mferejini halilipwi kwa fedheha ya arusini.

Lakini kunyamaza pia sikushauri, maana atalirudia. Ngoja alasiri moja ua umetulia, watoto hawapo. Mfuate, msalimie, umwambie: "Wifi, jana mferejini ulisema wengine waliingia humu na begi moja. Ulinikusudia mimi?" Yarudie maneno yake vile vile. Ukisema "umeniita maskini", ataapa hajasema, na atakuwa mkweli. Ukishauliza, funga mdomo, mwache ajibu. Akikana, sema, "Ahsante, wifi, moyo umetulia," uondoke. Akilirudia kesho, kajivunjia kauli yake mwenyewe. Akikiri, fumbo limeshafumbuliwa, na neno la wazi lina wa kulisuluhisha: mumeo kwanza, kisha mavyaa. Mumeo mtajie neno lenyewe na siku lilipotoka. Ukianza na "dada yako ananichukia", atamtetea dada yake.

Shoga zako watakuchochea ukamsute. Kusuta kunataka aliyekuletea neno asimame alitamke uso kwa uso. Akigeuka pale mlangoni, unayesutwa ni wewe. Nawe neno umelisikia kwa masikio yako, msuto wa nini? Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani kwenu, naye mwache kwanza. Mwendee kukiwa na tusi la wazi, kitisho au mkono ulioinuliwa, na uende na mtu aliyesikia au kuona.

Doti ya simba mpelekee mama yako. Kwake itakuwa kanga tu. Na arusi hiyo, ulizia mapema sare ya ukweni ni ipi, uvae hiyo.